Baridi au ya Moto?

Swali la kwanza katika baa zetu ni hilo, na wengi hujibu baridi, tena ile iliyokaa chini kabisa ya friji. Kwa lager sina ugomvi. Lakini wiki hii mtoto wa dada yangu ameniletea chupa kutoka California, Pliny the Elder ya kiwanda cha Russian River kilichoko Santa Rosa, na hiyo imenikatalia majibu yote mawili. Ikitoka tu kwenye friji ni chungu isiyo na harufu. Niliimimina kwenye glasi pana, nikaanza kusoma gazeti. Kufika kurasa za michezo, chumba kilikuwa kimeshanuka ganda la balungi na utomvu wa msonobari. Baridi huifunga harufu, na bia ya namna hii ukiinyima harufu unabaki na dawa ya malaria.

*

Uchungu huo ni wa hopsi, maua ya jike ya mmea utambaao ambao kwa ukoo ni ndugu wa bangi (wenye nyumba wasisikie). Ndani ya ua mna unga wa manjano wenye utomvu. Hopsi ikichemshwa muda mrefu hutoa uchungu. Ikitiwa mwishoni, au bia ikiwa imeshapoa, hubakiza harufu. Mpika bia Vinnie Cilurzo, mwenye Pliny, alianza mtindo huu wa kuzidisha hopsi mwaka 1994 katika kiwanda kidogo cha Blind Pig, mjini Temecula. Mwenyewe ameeleza kwamba vyombo vyake vilikuwa duni, akaongeza kimea na hopsi ili kasoro zozote zifunikwe. Nampenda zaidi kwa kulisema hilo kuliko kwa bia yenyewe.

*

Jirani yangu, mzee wa Marangu, alipita kuamkiwa, nami nikammiminia kidogo. Alionja, akanyamaza, akaonja tena.

"Mwanangu, hawa wamezidisha msesewe."

Sijasoma maelezo bora ya bia hii. Mbege, pombe ya kwao, ni ndizi zilizopikwa na ulezi uliomea, vitu vitamu vitupu, na bila magome ya msesewe ingemchosha mnywaji kabla kata haijazunguka. Hopsi hufanya kazi hiyohiyo kwenye shayiri. Isingeweza kufanya kazi hiyo Kilimanjaro, kwani hutaka siku ndefu za kiangazi cha mbali na ikweta, na kwetu mchana haupiti sana saa kumi na mbili mwaka mzima. Ndiyo maana hata leo shayiri tunalima, hopsi tunaagiza. Mzee alimaliza glasi yake, akaongeza kwamba ulezi wao nao ni mwingi, la sivyo isingenyweka. Ni kweli: chini ya uchungu ule kuna kimea cha kutosha kuubeba.

*

Hesabu kwa wanaosema "nimekunywa moja tu". Pliny ina kilevi asilimia 8. Nusu lita yake ina mililita 40 za kilevi. Nusu lita ya Tusker, yenye asilimia 4.2, ina 21. Moja hiyo ni karibu mbili. Inywewe nyumbani, funguo za gari zikiwa kwa mwingine.

*

Lebo ya Pliny inasisitiza iwekwe kwenye baridi, inywewe ikiwa mpya na isihifadhiwe. Kuna watu huifungia kabatini wakingoja Krismasi, kana kwamba ni mvinyo. Hopsi huilinda bia dhidi ya bakteria waletao uchachu, lakini harufu yake yenyewe hailindi: hewa kidogo iliyobaki chupani na joto la chumba huimaliza katika miezi michache, ukabaki uchungu na utamu wa kimea kilichochoka. Jua ni baya zaidi. Mwanga hukutana na uchungu wa hopsi, ikazaliwa harufu ya kicheche, na chupa ya kahawia huuzuia vizuri kuliko ya kijani. Muuza duka anayepanga kreti barazani adhuhuri hajui anachouza jioni.

*

Pliny mwenyewe, aliyeipa bia hii jina, alikuwa Mrumi aliyeandika juu ya karibu kila kitu, ukiwemo mmea ambao wengi wameudhania kuwa hopsi. Alifia karibu na mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, alikokwenda kuutazama na kuokoa watu.

*

Chakula. Pilipili hapana: kilevi na uchungu huuchochea ule moto, na mwenzangu aliyejaribu na pilipili mbuzi aliishia kuomba maziwa. Samaki wa kupaka alipoteza nazi yake yote. Mbuzi choma mwenye mafuta, chumvi na ndimu, ndiye aliyeiweza, na mbavu zilikwenda vizuri kuliko paja.