KALAMU YA KARANI: Ushuru wa Kule na Ushuru wa Huku

Juma lililopita mama mmoja wa hapa Kyela alinijia ofisini na uchungu. "Karani, mwanangu ametoka Johannesburg na mali ya duka lisilo na ushuru. Mbona Dar es Salaam wamemtoza?" Alikuwa amekwisha kuuza magunia mawili ya mpunga ili ampelekee fedha.

Basi tuelewane. Duka la namna hiyo humsamehe msafiri ushuru wa nchi anayotoka. Kadhalika, mgeni aliyenunua mali mjini Afrika Kusini huweza kurudishiwa uwanjani kodi ya 15 kwa mia, akionyesha risiti. Lakini nchi anayoingia haijasamehe kitu bado.

Kwetu hutumika sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Nguo na vitu anavyotumia msafiri mwenyewe havitozwi. Vitu vingine vya nyumbani husamehewa hadi thamani iliyowekwa, nayo huhesabiwa kwa dola. Mali ya biashara haina msamaha huo. Ndivyo ilivyo hata kwa anayevuka Songwe pale Kasumulu.

Nikamwuliza, "Mama, alileta nini?" Akajibu, "Televisheni yangu moja, na simu kumi na mbili za kuuza. Alisema zote ni zake." Akanyamaza kidogo. "Kumbe mpunga wangu umelipia simu!"

Naam. Vijana, ulizeni kiwango kabla ya safari, tunzeni risiti, semeni kweli mezani. Msiwauzishe mama zenu chakula.