Mdudu Katika Chumba cha Mwana

Ziko hadithi ambazo mtu akizisoma hujiuliza kama mwandishi hakuwa na homa. Mojawapo ni ile ya Franz Kafka iliyochapishwa mwaka 1915. Kijana Gregor Samsa, mchuuzi anayesafiri kwa niaba ya kampuni, anaamka asubuhi na kujikuta amegeuka mdudu mkubwa. Kinachomsumbua zaidi si umbo lake jipya, bali kwamba garimoshi la saa kumi na moja alfajiri limekwisha kumwacha, na mkubwa wake wa kazi atakasirika!

Wako wasemao kwamba hiyo ni njozi tupu. Mimi sikubaliani nao. Kafka, aliyezaliwa Prague mwaka 1883, alikuwa mtu wa ofisi kama wengi wetu. Tangu mwaka 1908 alitumikia shirika la bima ya ajali za wafanyakazi. Kazi ilikwisha saa nane mchana, naye akaandika usiku nyumbani kwa wazazi wake, ambako chumba chake kilikuwa mapito baina ya sebule na chumba cha wazazi. Chumba cha Gregor nacho kina milango mitatu, na kwenye kila mlango yupo mtu anayebisha.

Mwezi wa Oktoba 1912 familia ilimtaka asimamie pia kiwanda cha asbesto alichokuwa na ubia nacho pamoja na shemeji yake. Muda wa kuandika ungekwisha. Ottla, dada aliyekuwa akimtetea siku zote, safari hiyo aliwaunga mkono wazazi. Kafka alifadhaika hata akawaza kujiua. Mwezi uliofuata alianza hadithi ya mdudu. Humo, dada ndiye amletaye Gregor chakula, na dada huyo huyo ndiye hatimaye anayetamka kwamba kiumbe yule aondolewe. Baba humrushia matufaha, na moja humkwama mgongoni.

Huyo baba naye hakutoka hewani. Mzee Hermann Kafka alikuwa mwenye duka, mtu wa kifua na sauti nzito. Mwaka 1919 mwanawe alimwandikia barua ya kurasa zaidi ya 100, akikumbusha usiku mmoja alipokuwa mtoto: alililia maji, baba akamtoa nje roshanini na kumwacha na shati lake la kulalia. Mtu wa miaka 36 bado anaikumbuka baridi ile! Barua haikumfikia mzee.

Lakini linaloumiza zaidi ni habari ya fedha. Gregor ndiye alipaye deni la wazazi, na mshahara ukikoma, heshima nayo hukoma. Askari apelekaye fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi hahitaji mfasiri hapa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba maisha hutangulia na hadithi hufuata daima. Mwaka 1922 Kafka aliandika juu ya mtu afungaye kula ili watu wamtazame. Mwaka 1924, karibu na Vienna, kifua kikuu kilikuwa kimeingia kooni mwake, asiweze kumeza chakula. Akiwa kitandani alisahihisha kurasa za hadithi ile ile kwa ajili ya mpiga chapa. Alifariki tarehe 3 Juni.