Dakika Mbili za Ukimya

Methali isemayo "sikio la kufa halisikii dawa" hutajwa mno katika kliniki za magonjwa ya muda mrefu. Hutajwa pale mgonjwa wa kisukari anaporudi na sukari iliyo juu kama ya mwezi uliopita, au mama mwenye shinikizo la damu anapokiri kwamba vidonge vilibaki kabatini. Ni nadra methali hiyo kuelekezwa kwa yule anayeshika kalamu upande wa pili wa meza, ingawa mara nyingi naye inamhusu.

Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kuwa madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya sekunde 18 hivi tangu waanze kujieleza. Huko Basel, Uswisi, madaktari waliombwa wafanye kinyume chake: wasikilize tu, na muda upimwe bila mgonjwa kujua. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa, kwa wastani, wagonjwa walimaliza maelezo yao kwa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kumi walikuwa wamekwisha kunyamaza wenyewe kabla ya dakika mbili kutimia. Hofu ya kwamba mgonjwa akiachiwa nafasi atazungumza hadi jioni haina msingi mkubwa.

Atakayejibu kwamba Basel si Dar es Salaam ana haki ya kusema hivyo. Kwa foleni ya wagonjwa 60, dakika mbili kwa kila mmoja ni saa mbili nzima, na hesabu hiyo haikwepeki. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi popote. Mama wa makamo anaingia. Daktari kijana anasema "shikamoo mama" huku macho yakiwa tayari kwenye faili. Mama anaitikia "marahaba, mwanangu", anasema hajambo, anapimwa, shinikizo liko juu, dawa ya tatu inaongezwa juu ya zile mbili. Amekwisha kushika kitasa cha mlango ndipo anapogeuka: tangu amzike mwanawe wa kwanza, haoni vidonge hivyo ni vya nini. Kumbe hata ile dawa ya kwanza haimezwi. Laiti asingegeuka mlangoni, angeandikiwa na ya nne mwezi unaofuata, na huenda siku moja angeletwa akiwa amepooza upande mmoja.

Alichokisema mama huyo ni dalili ya kitabibu, na ni jambo la kiroho pia. Watu wengi hudhani kwamba mambo ya roho yana mahali pake, msikitini au kanisani, na kwamba hospitali ni ya mwili. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii kabla ya kusomea udaktari, hakukubali mgawanyo huo. Alipofungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa yana upande wa mwili, wa nafsi, wa jamii na wa roho, na kwamba upande mmoja ukiachwa, mingine haitulii.

Anayenyamaza mbele ya uchungu wa mwenzake huweka chini haraka yake, cheo chake, na jibu alilokwisha kuliandaa. Dini zote hudai unyenyekevu wa namna hiyo, na hapa unapatikana bila zulia wala madhabahu, kwenye kiti cha plastiki. Hakuna haja ya kumhubiria mgonjwa. Kumhubiria ni njia nyingine ya kumkatiza.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Wodini, kabla ya adhana ya alfajiri, kuna muda mfupi ambapo simu zimenyamaza na kelele za wageni hazijaanza. Wapo wanaoutumia kwa tasbihi au rozari, na wapo wanaolala tu wakisikiliza pumzi ikiingia na kutoka. Katika utulivu huo mtu huweza kutambua anachokihofia hasa, na neno analotaka kumwambia daktari mzunguko wa asubuhi ukifika. Ila isidhaniwe kwamba utulivu huchukua nafasi ya dawa. Wanaoacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI au za kisukari kwa kuwa wameombewa huonekana kila mara, nao hurudi wakiwa na hali mbaya zaidi. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuamua kuziacha, wakakosa wa kumweleza.

Muuguzi wa zamu ya usiku hulijua jambo hili kuliko wengi. Akimaliza kubadilisha dripu, husimama kidogo kando ya kitanda cha asiyepata usingizi, bila kuuliza kitu, mpaka mgonjwa aanze mwenyewe. Katika fomu ya makabidhiano ya zamu hakuna safu ya kuandika kazi hiyo.