Wafanyakazi wauze nini ndege zikisimama?

LIKASI – Abiria wa hapa anayekwenda Kinshasa kwa ndege husafiri kwanza kilomita zipatazo 120 hadi uwanja wa Luano, Lubumbashi. Akikuta safari imefutwa, kumrudisha ni kazi. Shirika linapowahimiza wafanyakazi kuongeza mauzo na faida, huyo ndiye mteja wanayetumwa kumshawishi.

Kenya Airways ilipata faida ya shilingi bilioni 5.4 mwaka 2024, ya kwanza katika miaka 11. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya bilioni 12 hivi. Si kwamba wauza tiketi walilala. Dreamliner tatu zilikuwa zimesimama.

Air Congo, ambayo serikali ina asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49, ilianza Desemba 2024 na Boeing 737 mbili tu. Wakati huo moja ingeharibika, nusu ya viti isingekuwepo.