Theluji ya kompyuta isiwekwe juu ya Rwenzori bila kusemwa

Siku hizi kuangusha theluji kwenye picha ni kazi ya dakika chache. Katika programu kama Photoshop, mpiga picha hufungua tabaka jipya jeusi juu ya picha, hulijaza vidoti vyeupe, huvififisha kidogo, kisha huvivuta upande mmoja ili vionekane vinapeperushwa na upepo. Akiuondoa ule weusi, zinabaki chembe nyeupe tu. Kwa theluji ya chini, rangi ya kijani ya miti na majani hugeuzwa kuwa nyeupe. Kwenye simu ziko programu zinazofanya yote hayo kwa kubonyeza mara moja.

Hakuna ubaya kwa kila picha ya namna hiyo. Bibi arusi wa Butembo akitaka aonekane kama alipigwa picha Ulaya wakati wa baridi, ni furaha yake. Hakuna anayedanganywa, maana kila mtu anajua kwamba theluji haianguki Butembo.

Kwa mlima Rwenzori mambo ni tofauti, kwa sababu huko theluji iko kweli. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kiko kwenye mpaka wa Congo na Uganda, na upande wa Congo uko ndani ya mbuga ya Virunga. Mtu akisikia kwamba Rwenzori ina theluji, anasadiki. Ndiyo maana mwenye kuiongeza kwa kompyuta anadanganya kwa urahisi zaidi hapo kuliko mahali pengine popote katika Kivu ya Kaskazini.

Mwaka 1906, Luigi di Savoia wa Italia alipanda milima hiyo pamoja na mpiga picha Vittorio Sella. Wakati huo barafu ilikuwa kwenye milima yote sita ya Rwenzori, na ilifunika kama kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, tena kwenye milima mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Tangu hapo imeendelea kupungua. Picha za Sella zina thamani hadi leo kwa sababu wataalamu huzilinganisha na picha za sasa na kuona barafu imerudi nyuma kiasi gani. Kama Sella angejiongezea weupe kidogo ili kupendeza macho, picha zake zisingefaa kwa kazi hiyo.

Na picha ya leo, miaka mia ijayo, itatumika vilevile. Kijana wa Beni anayeweka theluji ya uongo juu ya Stanley na kuitangaza bila maelezo anawaambia watu kwamba mlima ni mzima. Mwingine atakayesema kwamba hali ya hewa haijabadilika atapata ushahidi wa bure. Na siku picha hiyo itakapogunduliwa, hata picha za kweli zinazoonyesha barafu ikiisha zitatiliwa shaka.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi upande wa Congo. Kwa sababu ya ukosefu wa usalama katika wilaya ya Beni, wakaaji wachache sana hupanda kujionea wenyewe. Mwanafunzi wa Mutwanga anaweza kukua chini ya mlima huo bila kufika kwenye barafu hata siku moja. Kwake yeye picha ndiyo shahidi, na shahidi akisema uongo, hakuna mwingine wa kuulizwa.

Wako wanaojitetea kwamba theluji huvutia watalii. Lakini mtalii anayelipa na kupanda siku kadhaa, akakuta mwamba mtupu mahali alipoonyeshwa weupe, atarudi kwao na habari mbaya. Wengine wanasema theluji huanguka kweli usiku fulani, basi kosa liko wapi? Ni kweli huanguka, lakini theluji ya usiku mmoja inaweza kuyeyuka kabla ya jioni. Barafu iliyojilimbikiza kwa miaka mingi ni kitu kingine. Picha ya uongo inavichanganya viwili hivyo.

Dawa si kukataza watu kucheza na picha. Anayeongeza theluji aandike chini yake: «theluji imeongezwa kwa kompyuta». Ahifadhi picha ya kwanza, pamoja na tarehe na mahali ilipopigwa. Na waandishi wa habari waiombe picha hiyo ya kwanza kabla ya kutangaza. Shindano la World Press Photo linakataa picha iliyoongezewa au kupunguzwa kitu. Redio na mitandao ya Beni, Butembo na Goma inaweza kufuata kanuni hiyohiyo bila gharama yoyote.

Msomaji naye atazame vizuri. Je, chembe za karibu na za mbali zina ukubwa mmoja? Je, weupe umeshuka mpaka kwenye mashamba ya kakao na kahawa? Basi hiyo si theluji ya Rwenzori, na asiisambaze kabla ya kuuliza imetoka wapi.