Wingi wa watu hautoshi kusaka jeni za presha na kolesteroli

"Tukusanye watu wengi, kila mmoja achambuliwe vinasaba." Ndiyo hoja inayotangulia kila fedha za utafiti zinapoombwa. Wingi una faida yake: utafiti wa urefu uliotoka mwaka 2022 ulihusisha watu milioni 5.4. Ila bajeti ikiwa ndogo, wa kuchambuliwa wachaguliwe. Mwaka 1989 Eric Lander na David Botstein walionyesha kwamba, katika uzao wa mimea au wanyama, wale waliopita mkengeuko sanifu mmoja juu au chini ya wastani ni kama theluthi tu, lakini hubeba takriban asilimia 80 ya taarifa inayotafutwa. Kwa binadamu, kundi la Helen Hobbs na Jonathan Cohen kule Dallas liliwaangalia watu wenye kolesteroli ya LDL ya chini sana. Mwaka 2005 likatangaza kwamba takriban Mmarekani Mweusi 1 kati ya 50 ana jeni ya PCSK9 iliyoharibika, inayoishusha LDL yake. Dawa za kuzuia PCSK9 zilizoidhinishwa mwaka 2015 zimetegemea njia hiyohiyo.

"Kuchagua waliokithiri kunapotosha." Kunapotosha ukikokotoa kana kwamba hukuchagua: athari ya jeni itaonekana kubwa kupita kiasi. Vipimo vya wale ambao hawakuchambuliwa viingizwe kwenye hesabu. Udhaifu wa kweli ni kwamba sampuli iliyochaguliwa kwa kolesteroli haifai sana kwa kusaka jeni za urefu.

"Tugawe tu wagonjwa na wazima." Hapa sikubali hata kidogo. Mwenye presha ya 139 anaitwa mzima, wa 141 mgonjwa, na wa 190 anawekwa kapu moja na wa 141. Ukikata katikati kabisa, watu 1,000 wanabaki na nguvu ya kama 640. Wengine 360 umewatoa damu bure.

"Kupima mara moja kunatosha." Mtu amefika akihema, mkanda wa mashine ni mdogo kwa mkono wake, namba inapanda. Apumzike dakika tano, abadilishiwe mkanda, apimwe tena na tena, uchukue wastani. Ni nafuu kuliko kuongeza watu.

"Takwimu za Ulaya zinatosha." Mwaka 2019 utafiti wa watu 6,400 wa vijijini Uganda uliihusisha HbA1c, kipimo cha kufuatilia kisukari, na kupotea kwa kipande cha kinasaba kunakoleta alfa thalasemia, hitilafu ya damu ya kurithi; upotevu huo hupunguza hatari ya malaria kali. Watu wa Ulaya kaskazini ni nadra kuwa nao.