Simu ya Zahanati Ipite Kwanza



Ukiwa kwenye foleni ya zahanati na kikohozi chako, kisha akaletwa mama mjamzito anayetokwa na damu, muuguzi atamhudumia mama huyo kwanza. Hulalamiki, kwa sababu unajua kikohozi kinaweza kusubiri. Kwa maoni yetu, intaneti inayotumiwa na watu wengi kambini ifuate utaratibu huohuo.

Simu ya intaneti hukata sauti katika vipande vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde. Vikichelewa au vikipotea, anayesikiliza hupata maneno nusunusu. Fikiria muuguzi anayemwuliza daktari wa hospitali ya rufaa kiasi cha dawa ya mtoto, akasikia nusu ya jibu. Lakini filamu ikichelewa kupakuliwa kwa dakika kumi, hakuna anayeumia.

Wako wanaosema tununue tu intaneti kubwa zaidi. Hiyo peke yake haitoshi. Faili moja kubwa inaweza kujaza laini yote, na simu ikakwama nyuma yake. Laini ya setilaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000 angani tayari huchelewesha sauti kwa robo sekunde. Tusiongeze ucheleweshaji mwingine kwa foleni yetu wenyewe.

Fundi anaweza kuipanga ruta ipitishe sauti kabla ya vitu vingine. Gharama kwa wengine ni ndogo: simu moja ya sauti kwa kawaida hutumia chini ya kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Simu kumi hazifiki megabiti moja.

Utauliza: je, wakubwa hawatajipendelea? Swali lako ni la haki. Kwa hiyo kipaumbele kifuate kazi ya simu, si cheo cha mtu. Zianze simu za zahanati, zifuate simu za familia, kisha mengine. Simu nazo ziwekewe kikomo, ili mwanafunzi asikose nafasi ya kusoma. Kanuni hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kila mtu aione.

Nawe unaweza kusaidia tangu leo. Pakua video usiku, wakati watumiaji ni wachache. Ukimpigia ndugu yako na sauti ikakatika, zima picha. Na katika mkutano ujao, waombe viongozi wenu wa zoni walifikishe jambo hili kwa wanaosimamia mtandao. Mgonjwa wa kesho anaweza kuwa mtoto wako.